Mtoto Anayehama na Daftari Lililokaa: Kupima Usalama na Udumu wa Malezi Kuanzia Shungimbili



Shungimbili ni kisiwa kidogo upande wa kaskazini-magharibi wa Mafia. Mwaka 2007 kilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na leo kinasifika kwa hoteli ya wageni wenye uwezo mkubwa. Kabla ya hoteli, wavuvi walikijua kama mahali pa kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda. Hakina kijiji wala kitongoji, hakina shule, zahanati wala ofisi ya mtendaji.

Nimekileta katika mada ya malezi ya watoto kwa sababu takwimu zetu zote zinaanzia kijijini. Mtendaji anaandika, kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto inajadili, afisa ustawi wa jamii anajumlisha, halmashauri inatuma mkoani. Pasipo na kijiji, mnyororo huo hauna pa kuanzia. Sisemi kwamba Shungimbili kuna watoto waliotupwa. Ninachosema ni kwamba dago, popote linapopigwa, linatuonyesha mtoto ambaye vitabu vyetu havimwoni. Baba yuko kambini wiki kadhaa, mama ameachika na kuolewa kwingine, mtoto yuko kwa bibi yake kisiwani Jibondo. Giza likiingia na dagaa wakipatikana, mjomba anamtaka akasaidie kuanika. Bamvua likipita anarudi kwa bibi. Mwaka ukigeuka anavushwa hadi Nyamisati, Bara, anapandishwa gari la Mbagala, Dar es Salaam, kwa mama mdogo, “akasome”. Kalenda ya mtoto huyu inakwenda na maji. Ya ripoti yetu inakwenda na robo mwaka.

Swali la mada hii ni moja. Mtoto asiyelelewa na wazazi wake, tutajuaje kwamba yuko salama na kwamba mahali alipo ni pa kudumu?

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inatambua malezi ya kambo na kuasili, na kanuni zake za mwaka 2012 zinaeleza namna ya kumkagua mlezi na kumfuatilia mtoto baada ya kuwekwa. Tatizo ni kile tunachokihesabu. Fungua ripoti yoyote ya robo mwaka: watoto kadhaa wamepatiwa familia za kuaminika, kadhaa wameunganishwa na ndugu, mashauri kadhaa yamefungwa. Hayo yote ni matendo yetu sisi maofisa. Hakuna mstari unaosema mtoto aliyeunganishwa na ndugu mwezi Machi alikuwa wapi mwezi Novemba.

Waliotangulia katika kazi hii wamekwishajikwaa, na inafaa tujifunze walipojikwaa. Marekani ilipitisha mwaka 1997 sheria ya kuasili na ya familia salama, ikaagiza matokeo ya kila jimbo yapimwe kwa mambo matatu: usalama, udumu na ustawi wa mtoto. Ukaguzi wa kwanza ulifanyika kati ya 2001 na 2004, ukiwa na matokeo saba ya kufikiwa. Hakuna jimbo hata moja lililofaulu yote saba. Kilichonivutia mimi zaidi ni ugomvi uliofuata kuhusu vipimo vyenyewe. Mwaka 2004 Mark Courtney, Barbara Needell na Fred Wulczyn waliandika kwamba serikali ilikuwa inapima watu wasio sahihi. Ilikuwa inawahesabu watoto waliotoka katika malezi na kuuliza walikaa muda gani. Ukifanya hivyo unawaona waliotoka tu. Yule anayeozea ndani ya mfumo mwaka wa tano hayumo katika hesabu, na kadiri anavyozidi kusahauliwa, ndivyo ripoti inavyozidi kupendeza.

Kuhesabu kwa siku moja ya mwaka nako kuna kasoro yake, ila inaelekea upande mwingine. Watoto utakaowakuta tarehe 31 Desemba ni wale wanaokaa muda mrefu. Waliopita haraka mwezi Mei hawaonekani. Njia iliyo sawa ni kuwachukua watoto wote walioingia katika malezi ndani ya mwaka fulani na kuwafuata wote, waliotoka na waliobaki, kwa miezi 12, 24 na 36. Ni kazi ndefu zaidi, lakini ndiyo pekee isiyodanganya.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuuweke katika daftari. Mtoto wa miaka minane anaingia kwa bibi tarehe 1 Februari. Juni anahamia kwa mjomba Kirongwe. Oktoba anapelekwa Mbagala. Aprili ya mwaka wa pili anarudi kwa bibi, na yupo hapo hadi 31 Desemba. Ripoti ya mwaka wa kwanza itasema: amepatiwa familia. Ya mwaka wa pili itasema: yupo na ndugu, shauri limefungwa. Kila neno ni kweli. Sasa tuhesabu kwa siku. Amekaa katika malezi siku 699 na amehama mara tatu, yaani zaidi kidogo ya mihamo minne kwa kila siku 1,000. Shule amebadilisha mara tatu, na madrasa vilevile. Ndiyo maana Wamarekani siku hizi wanapima mihamo kwa kila siku 1,000 za malezi, na ukatili unaompata mtoto akiwa mikononi mwa walezi kwa kila siku 100,000. Mtoto aliyekaa mwezi mmoja na aliyekaa miaka mitatu hawawezi kuhesabiwa kichwa kwa kichwa kana kwamba wamekabiliwa na hatari ileile.

Wamejifunza pia kwamba kiashiria kimoja kikisimama peke yake kinaharibu tabia. Ofisi ikisifiwa kwa kurudisha watoto nyumbani haraka, itawarudisha hata pale ambapo nyumba bado haijatulia. Kwa hiyo kasi ya kurudisha inasomwa sambamba na idadi ya waliorudi tena katika malezi ndani ya miezi 12. Hapa kwetu sijaona halmashauri inayoziweka namba hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Pengine mtu atasema haya ni ya nchi zenye kompyuta kila meza. Sikubali, kwa sababu Tanzania tumekwishalifanya jambo gumu zaidi ya hili. Kagera, kati ya 1991 na 1994, watafiti walihoji kaya zaidi ya 900. Mwaka 2004 wakarudi, na badala ya kuhoji aliyekutwa nyumbani, wakamfuata kila mtu kule alikohamia: kijiji cha jirani, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Kwa kufuata watu, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliweza kuonyesha, katika makala ya mwaka 2010, kwamba mtoto aliyefiwa na mama hufikia utu uzima akiwa mfupi kwa sentimita 2 hivi na akiwa amepoteza mwaka mmoja wa shule. Wangebaki kwenye kaya zilezile, watoto waliohamishwa baada ya msiba wangetoweka katika takwimu, na tungeambiwa msiba haukuwagusa. Walitumia maswali ya kawaida kabisa: nani anajua alikokwenda, anaishi kwa nani, tutampataje. Mafia, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 66,000, maswali hayo yana majibu kila kijiweni.

Sasa nije kwa ndugu, maana hapa ndipo mjadala wetu huwa na heshima kuliko ukweli. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza utafiti kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960, alieleza namna watu wa kisiwani wanavyohesabu ukoo kwa baba na kwa mama pia. Faida yake kwa mtoto ni kubwa: ana milango mingi ya kubisha. Hasara yake ni kwamba wenye milango wanaweza kupokezana. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye mwenye mtoto, na hakuna anayejiona mlezi wa kudumu.

Wala kuishi kwa ndugu si hirizi ya usalama. Utafiti mmoja mkubwa uliofuatilia mayatima na watoto walioachwa katika nchi tano, zikiwamo Tanzania (Moshi) na Kenya (Bungoma), ulitoa mwaka 2009 matokeo yaliyowaudhi wengi: watoto wa makao ya kulelea hawakuwa na hali mbaya kuliko wale waliokuwa katika jamii. Taarifa ya baadaye, ya 2015, ilionyesha kwamba pande zote mbili takriban nusu ya watoto walikuwa wamepigwa au kudhalilishwa kingono kabla ya kufika miaka 13. Siyasomi matokeo hayo kama ruhusa ya kujenga makao zaidi. Huko Bucharest, utafiti ulioanza mwaka 2000 kwa watoto 136 waliokuwa katika taasisi ulionyesha kwamba waliopelekwa kwa familia zilizochaguliwa, kufunzwa na kusaidiwa walikua vizuri zaidi, hasa waliotolewa kabla ya miaka miwili. Kilichotofautiana ni ule usaidizi. Sisi tunamkabidhi bibi mtoto, tunampa pole, tunafunga jalada.

Kuhusu usalama, niseme tahadhari moja. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kwamba wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Ripoti zinazofika polisi na kwenye simu ya watoto 116 hazikaribii kiwango hicho. Kwa hiyo kata inayoleta sifuri kila robo mwaka isipigiwe makofi; inafaa itembelewe. Na kata ambayo mashauri yake yanaongezeka huenda imeanza kuaminiwa.

Usalama unapimwa kwa kumuuliza mtoto, na kwa kumuuliza akiwa peke yake. Afisa akikaa sebuleni, mlezi akiwa ameshika birika la chai, atajibiwa “hajambo”. Akimkuta mtoto shuleni au madrasani atajua kama anaingia darasani siku za kuanika dagaa, kama ndiye anayeamshwa maji yakikupwa kwenda kutafuta pweza, kama watoto wa nyumba hiyo wamekwenda shule naye amebaki. Tofauti ya kazi na shule kati ya mtoto anayelelewa na watoto wa kuzaliwa wa nyumba ileile ni kipimo cha bei nafuu, na nakiamini kuliko fomu nyingi.

Liko suala la udumu linalotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Katika nchi nyingi udumu hupimwa kwa kuasili: hati ikitoka, mtoto amepata kwao. Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu, na kwao mtoto hubaki na nasabu ya baba yake hata akilelewa tangu uchanga na mwingine. Kafala, yaani malezi ya namna hiyo, ndiyo njia wanayoijua, na Mkataba wa Haki za Mtoto unaitaja katika ibara ya 20. Zanzibar imeiweka katika Sheria ya Mtoto ya 2011, na Kenya katika Sheria ya Watoto ya 2022. Mafia, ambayo makubaliano ya mwaka 1890 yaliitoa mikononi mwa Sultani wa Zanzibar na kuiweka chini ya Wajerumani, inafuata sheria ya Bara. Tukipima udumu kwa hati za kuasili, Mafia itaonekana haina mtoto hata mmoja aliyepata kwao, wakati yumo bibi aliyelea wajukuu mpaka wakaoa. Tupime badala yake mambo yanayoonekana: mlezi mmoja yuleyule kwa miezi 24, mlezi wa akiba anayejulikana kwa jina endapo wa kwanza atafariki, na mtoto mwenyewe akiulizwa “kwenu wapi?” ajibu bila kusita.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mtoto anayeingia katika malezi afunguliwe ukurasa wake, na ukurasa huo umfuate hadi atimize miaka 18, hata akivuka kwenda Kibiti au Temeke. Kila kuhama kuandikwe tarehe, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, na kwa nini. Walimu wa shule na wa madrasa wawe watoa taarifa wa kwanza, kwa sababu wao ndio wanaoona nafasi tupu kwenye jamvi siku hiyohiyo. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari, wanaojua nani amekwenda dago na nani, nao waingizwe. Kurasa hizo zikae chini ya ufunguo kwa afisa ustawi, si juu ya meza ya mtendaji, kwani kisiwani kila mtu anamjua mwenzake na takwimu tatu za kata ndogo zinatosha kumtambulisha mtoto. Kwa sababu hiyohiyo, viwango vyetu vitolewe kwa jumla ya miaka mitatu na kwa wilaya nzima. Idadi ni ndogo mno. Shauri moja tu linaweza kuzidisha kiwango cha kata mara mbili.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba semina hii iazimie jambo moja kabla hatujatawanyika: majalada yote yaliyofungwa katika miaka miwili iliyopita kwa maneno “ameunganishwa na ndugu” yafunguliwe upya, na kila mtoto atafutwe, aonwe kwa macho, na aandikwe alipo leo. Kazi hiyo inaweza kuanza Jumatatu.