Si Maringo: Tuwaelewe Wanaokwepa Watu
(Mazungumzo na wahudumu wa kujitolea wa vikundi)

Ndugu wahudumu, naanza na kosa langu. Siku moja nilimwinua kijana kikundini asome taarifa ya hazina, bila kumwarifu mapema. Nilidhani namzoesha. Alitetemeka, akakaa, na hakurudi tena. Tukasema ana maringo. Haikuwa hivyo.

Yapo matatizo mawili ambayo kwa nje hufanana. Mwaka 1980 wataalamu wa Marekani waliyaorodhesha kila moja peke yake katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili.

La kwanza ni hofu ya kijamii. Mtu huogopa tukio: kusema mbele za watu, kula akitazamwa, kuongea na mkubwa wake. Moyo humwenda mbio, jasho humtoka. Mara nyingi huanza ujanani. Lakini akiwa na watu aliowazoea, huweza kucheka na kusimulia vizuri.

La pili ni tatizo la haiba ya kukwepa watu. Huyu anaamini kwamba yeye ni duni, na kwamba watu wakimjua watamkataa. Imani hiyo humfuata kazini, kwenye urafiki, hata ndani ya ndoa. Hutamani sana marafiki, ila hasogei mpaka awe na hakika ya kupokelewa.

Tutatofautishaje? Muulize kwa upole: "Unaogopa kitatokea nini?" Wa kwanza huenda akasema, "Nitatetemeka, watanicheka." Wa pili, "Wataona kwamba sifai." Lakini wengi wana yote mawili, na kupima ni kazi ya mtaalamu, si yetu.

Wa kwanza husaidiwa na tiba ya mazungumzo inayomzoesha kidogo kidogo, na pengine dawa. Wa pili naye husaidiwa kwa mazungumzo, ila huhitaji muda mrefu zaidi ili aweze kumwamini mtu. Ukimkemea, unathibitisha kile anachokiamini.

Basi tufanye hivi:
- Tusimwinue mtu kwa kumshtukiza.
- Tumpe kazi ndogo anayoiweza.
- Akikosa kuja, tumtembelee wenyewe.
- Tumwelekeze kwenye kliniki ya afya ya akili.

Yule kijana nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hadi leo sijui shida yake ilikuwa ipi kati ya hizi. Najua tu kwamba nilipaswa kumuuliza kwanza.