Aibu ya Simu: Usinyamaze Peke Yako

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Kericho, kabla ya futari)



Wazazi wetu, vijana wenzangu, adhana iko karibu, sitasema mengi.

Mnakumbuka Septemba 2019, hapa jirani Bomet, binti wa miaka 14 alijitoa uhai. Mamake alisema mwanawe alikuwa ameaibishwa darasani kwa sababu ya hedhi. Hilo lilikuwa darasa moja tu. Leo picha ya kumcheka mtoto ikiingia kwenye grupu la WhatsApp, inazunguka kambi zote za majani chai kabla hajafika nyumbani. Na usiku inalala naye kitandani.

Wengine husema, "Mwenye imani haumii." Jamani! Bibi Aisha (r.a.) alizushiwa uongo, Madina ikanong'ona. Alipopata habari alilia, usingizi ukamruka. Akafanya nini? Aliomba ruhusa akaenda kwa wazazi wake, na mamake akamliwaza. Kisha Mwenyezi Mungu akamtakasa katika Suratun Nur, akawakemea waliopokezana uvumi wakidhani ni jambo dogo.

Basi kijana, ukitukanwa kwenye simu, kulia si udhaifu. Usijibu matusi. Hifadhi ushahidi, mfungie huyo mtu asikufikie, halafu mwambie mkubwa unayemwamini. Ukikosa usingizi, chakula kikikushinda, au wazo la kujidhuru likikujia, usingoje kesho. Mwamshe mtu. Au piga 116, simu ya watoto, ni bure. Kuonana na daktari hakupunguzi imani, kama vile dawa ya malaria haipunguzi.

Nawe unayesema "mimi nimetuma tu, sikuandika": tumbo limefunga, je, kidole kimefunga? Suratul Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Na serikali nayo, kwa sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018, inahesabu kumsumbua mtu mtandaoni kuwa kosa. Picha ikikufikia, ifute, kisha umtafute mwenyewe umwambie, "Niko nawe."

Wazazi, mtoto akileta habari, msianze na "wewe ulifanya nini?" wala kumpokonya simu. Wengi hunyamaza kwa kuogopa hayo mawili. Keti naye, msikilize mpaka amalize.

Leo baada ya futari, kila mzazi amuulize mwanawe swali moja: "Kuna mtu anakusumbua?" Halafu anyamaze, asikilize.

Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu na awalinde watoto wetu. Amin.

Wassalaam alaykum.