Maneno ya Katibu wa Tawi kuhusu mabomba ya mtaro

Ndugu wanachama, kwa mliokosa kikao, nilisema hivi.

Bomba la plastiki ni jepesi, watu wawili wanalibeba, na halishiki kutu. Lakini likiachwa juani linakakamaa na kupasuka. Likifukiwa juujuu, lori moja la mahindi linalibonyeza. Lilazwe juu ya mchanga, udongo ushindiliwe pande zote, mdomo ujengewe mawe. Gharama hizo hazimo kwenye makisio tuliyoletewa, mna bei ya bomba tu. Sitasaini malipo mpaka ziongezwe, hata mkininunia.

Na tusidanganyane: tope lililowashukia wenzetu wa Katesh kutoka Mlima Hanang, 3 Desemba 2023, hakuna bomba lingelimeza. Letu ni la maji ya barabarani.

Jumamosi saa 2 asubuhi, majembe, tuzibue mtaro wa zamani.

Katibu wa Tawi