Kadi za Mkono na Mizani ya Haki
Hotuba ya Idara ya Kazi za Mikono katika Mkutano wa Maadhimisho ya Miaka Kumi



Siku hii Chama chetu Kikuu chatimiza miaka kumi. Waliotutangulia kusimama hapa wamesema habari za kahawa, maghala na mikopo, nayo ni mambo makubwa. Sisi twaja na jambo dogo linaloenea katika kiganja cha mkono, yaani kadi ya salamu. Sisi ni wale wanawake na vijana wa chumba kilicho nyuma ya ghala, tunaokata, kupiga mihuri, kubandika na kunyunyiza.

Katika Mkutano Mkuu uliopita mzee mmoja aliye heshima yetu sote alisimama akauliza, "Wanangu, kahawa na karatasi zina undugu gani? Chama hiki kiliundwa kwa jembe, hakikuundwa kwa mkasi." Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa la haki. Hotuba hii ndiyo jawabu letu, na mzee yule twamwona amekaa safu ya mbele. Shikamoo, mzee wetu.

Tuanze na asili ya kazi yenyewe. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, na kupeleka barua kukawa jambo la watu wengi. Mwaka 1843, mjini London, bwana mmoja aitwaye Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya salamu za Krismasi. Zilipigwa chapa kadi kama 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono, zikauzwa shilingi moja kila kadi, nayo shilingi ya siku zile haikuwa fedha ya mtu maskini. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale nchini humo humo, wafumaji na mafundi wenzao walifungua duka lao la ushirika, wakiuza unga, siagi na sukari kwa kipimo cha kweli. Hatusemi kwamba moja lilizaa jingine. Twasema tu kwamba kadi ya salamu na duka la ushirika ni marika.

Huko Marekani nako, katika mji wa Worcester, mwanamke aitwaye Esther Howland alianza, karibu na mwisho wa miaka ya 1840, kutengeneza kadi za wapendanao kwa karatasi zilizotobolewa mfano wa lesi na picha za rangi zilizokatwa. Aliwakusanya wasichana mezani, kila mmoja akapewa sehemu yake ya kazi, na kadi ikapita mkono hadi mkono mpaka ikakamilika. Nasi hufanya kazi kwa mpango huo huo. Ila meza ile ilikuwa ya mwajiri mmoja, na meza yetu ni ya wote wanaoikalia. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi tulikawia kuielewa, kama mtakavyosikia.

Sasa na tuwaeleze kadi inavyopatikana. Kwanza ni karatasi. Twanunua manila nene, nyeupe au ya rangi ya maziwa. Karatasi yenye kipimo cha milimita 210 kwa 297 hukatwa vipande viwili sawasawa, na kila kipande kikikunjwa katikati hutoa kadi ya milimita 105 kwa 148, ambayo huingia vizuri katika bahasha ya milimita 114 kwa 162. Mkunjo haufanywi ovyo. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake kama ubao; ukiikunja kwa kufuata nyuzi hukaa imara, ukiikata njia hupasuka mgongoni. Kwa hiyo hujaribu kwanza, kisha hupitisha rula na upande butu wa kisu, ndipo hukunja.

Pili ni maganda ya mgomba. Hapa, mzee wetu, ndipo undugu wa kwanza ulipo. Maganda yale makavu ya nje hutoka katika mashamba yenu. Hatuchukui yote, maana shamba lahitaji matandazo yake. Twachagua machache yasiyo na ukungu, twayapangusa, twayalaza chini ya uzito mpaka yanyooke. Rangi zake hutoka hudhurungi nyeusi hadi ile ya majani ya chai, wala hakuna mawili yanayofanana.

Tatu ni kukata maumbo. Tunazo kalibu za chuma zenye makali: moja ina umbo la jani la mbuni, nyingine nyota, nyingine mwezi mwandamo, nyingine jahazi. Kalibu hulazwa juu ya ganda au manila, ikawekwa baina ya mabamba mawili, ikapitishwa katika mashine ndogo ya mipini inayozungushwa kwa mkono. Mwenye tamaa ya kukata tabaka nyingi kwa mara moja huharibu mabamba na kupata majani yenye kingo za manyoya.

Nne ni wino. Upo wino mwepesi unaozama katika karatasi; huo hukauka upesi, lakini aghalabu hupauka juani na kutawanyika ukiguswa na maji. Upo wino mzito wenye chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Huo hudumu na kung'aa, lakini hukauka polepole. Tano ni gundi, nayo hupakwa nyembamba, kwani ikizidi hukunjamanisha karatasi. Mwisho ni unga wa kumetameta, ambao mafundi huuita glita. Hunyunyizwa juu ya gundi mbichi, kisha kadi huinamishwa na kugongwa kidogo, ili unga uliozidi uanguke katika karatasi iliyokunjwa na kurudishwa mkebeni.

Ndugu wanachama, hatukuja kujisifu. Katika mwaka wetu wa pili tulipata agizo la kadi 400 kwa ajili ya sikukuu. Tulifurahi kupita kiasi. Ilikuwa majira ya mvua, na hewa ya chumbani ilikuwa nzito. Tulikuwa tumechagua wino mzito, tukazipanga kadi na kuzifunga siku ile ile, kwa kuwa gari lilikuwa likingoja. Zilipofunguliwa huko zilikokwenda, nyota ya kadi moja ilikuwa imejipiga chapa mgongoni mwa kadi ya juu yake, na glita imetapakaa kila mahali. Mzigo wote ulirudi. Haraka haraka haina baraka. Sisi tuliimba methali hiyo tangu utoto, lakini siku ile ndipo tulipoisoma kwa macho.

Palikuwa na waliosema tuzifute kadi zile na kuziuza mnadani. Wengi tulikataa. Ninyi wakulima mwajua kwamba gunia moja la kahawa yenye uvundo hulitia doa jina la ghala zima. Tukazitenga kadi zile, tukamwandikia mnunuzi ukweli wote bila kuficha, tukatengeneza nyingine 400 kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo tuna kanuni iliyobandikwa ukutani: kadi yenye wino mzito hulala juu ya kamba usiku mmoja wakati wa kiangazi, na siku mbili wakati wa mvua, wala gari halina amri juu yake.

Lakini hasara ile haikuwa kosa letu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa jingine, nalo lilikaa kwetu muda mrefu zaidi bila kuonekana, kwa sababu halikuacha doa juu ya karatasi.

Tulikuwa tukilipana kwa kadi. Kila kadi iliyokamilika ilikuwa na fedha yake, na fedha hiyo iligawanywa kati ya aliyechora, aliyekata na aliyebandika. Aliyepangusa maganda hakuhesabiwa. Aliyenyunyiza glita na kuifuta kingoni kwa brashi alipewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, kama zawadi. Hakuna aliyekusudia kudhulumu. Tulidhani tu kwamba kazi isiyoonekana juu ya kadi si kazi.

Siku moja mama mmoja wa maganda, mwenye umri wa kutuzaa sisi wengi, aliweka kitambaa chake mezani akasema kwa upole, "Wanangu, marehemu mume wangu alijiunga na Chama hiki kwa sababu mnunuzi wa zamani alikuwa akipima kahawa yetu kwa mizani iliyogeuziwa ukuta. Leo mimi nimo ndani ya Chama, na mizani yangu siioni." Kisha alichukua kitambaa chake akaendelea na kazi. Hakuna aliyeinua uso.

Juma lililofuata tuliweka saa mezani na daftari kando yake. Kila mtu aliandikiwa dakika zake, tangu ganda linapoletwa hadi bahasha inapofungwa. Mwisho wa juma tulijumlisha mbele ya wote. Tukaona kwamba kukata, kulikopata malipo makubwa, kulichukua muda mfupi kupita kazi zote, maana mashine ilisaidia. Kupangusa na kunyoosha maganda ndiko kulikochukua muda mrefu kupita zote. Tuliona haya. Tukabadili malipo: sasa twalipana kwa saa, na ustadi huongezwa juu ya saa kwa kiasi kilichokubaliwa na kuandikwa.

Jambo hilo lilikuwa na bei yake, nasi hatutaficha. Tulipohesabu saa zote kwa haki, tuligundua kwamba tulikuwa tukiuza kadi chini ya gharama, na pengo lile lilikuwa likizibwa na mikono ya akina mama wale. Tukapandisha bei. Mnunuzi mmoja alituacha. Wengine walibaki, nao walipoulizwa walisema kwamba salamu ya bure wanaipata katika simu kwa nukta moja. Anayenunua kadi ananunua mkono wa mtu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno moja juu ya glita. Sehemu kubwa ya glita ya madukani ni plastiki nyembamba iliyopakwa alumini na kukatwa vidogo vidogo. Haiozi. Tulikuwa tukiifagia uani, na mvua ikaipeleka katika mfereji unaonywesha mashamba yenu. Umoja wa Ulaya ulianza mwezi wa Oktoba 2023 kuzuia uuzaji wa glita nyingi za plastiki zilizo huru, lakini hatukutaka kungoja sheria ya wengine itufundishe kutunza mfereji wetu. Sasa twapendelea unga wa ulanga, jiwe lile la tabaka-tabaka ambalo watu wetu walilipa jina zamani, na ambalo lilichimbwa katika milima ya Uluguru tangu zama za Wajerumani. Mng'ao wake ni wa upole, kama umande, nao hauchafui shamba. Glita ya zamani iliyobaki imefungwa mkebeni, wala haitafagiliwa nje tena.

Basi, mzee wetu, uliuliza undugu. Kadi haitashinda kahawa, wala hatuombi ishindane nayo. Fedha yake ni ndogo, lakini huja miezi ambayo kahawa haina fedha, nayo imelipa madaftari na sare za watoto wakati wa shida. Lakini undugu ulio mkubwa hauko katika fedha. Chama hiki kilizaliwa ili mtu aone mizani inayopima jasho lake. Kama mizani hiyo iko kwenye kahawa peke yake, na katika chumba cha nyuma ya ghala haipo, Chama bado hakijamaliza kazi iliyokianzisha.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri mambo mawili. La kwanza, hesabu za Idara yetu zikaguliwe na kusomwa katika Mkutano Mkuu pamoja na za kahawa, si pembeni. La pili, saa na daftari viwekwe katika kila kazi ya Chama inayofanywa na mikono isiyoonekana, wakiwemo wanaochambua buni na wanaofagia maghala. Tulipojipima wenyewe tulikuta upungufu. Huenda na kwingine upo.

Kila mjumbe atakapotoka hapa leo atapewa kadi moja yenye jani la mbuni. Tafadhali aigeuze nyuma. Hakuna picha hapo. Kuna majina ya kazi zote zilizoingia katika kadi hiyo, na la kwanza katika orodha ni kupangusa maganda. Mama yule yuko hai, yuko pamoja nasi, naye ndiye aliyeamua liandikwe hivyo.

 Mungu akijalie Chama chetu miaka mingine kumi, na ushirika wetu udumu.