Neno la Leo: "Fraud"

Neno letu la Kiingereza leo ni "fraud". Tamkeni pamoja nami: frod. Maana yake ni hila ya kumdanganya mtu kwa makusudi, ili kujipatia mali au haki yake.

Shikeni hayo "kwa makusudi". Muuza maharage sokoni akikosea kuhesabu chenji, hilo ni kosa tu. Lakini akilibonyeza debe lake kitako ili lijae upesi, hiyo ndiyo "fraud". Kwa sheria ya Tanzania, kujipatia mali kwa udanganyifu kwaweza kumfunga mtu hata miaka 7.

Tena iko hila ya karatasi, nayo ni mbaya kuliko ya debe. Mwaka 1884, Mangungo wa Msovero, huko Usagara, aliweka alama yake katika mkataba wa Carl Peters. Mkataba ulitaja urafiki wa milele; ndani yake nchi ilitolewa kwa Wajerumani. Mzee hakuweza kuusoma.

Sasa chukueni kalamu, mwandike: "The treaty was a fraud." Yaani, mkataba ule ulikuwa wa hila. Aliyemaliza amsaidie jirani yake.