Ardhi, Mipaka na Taifa
Hotuba mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mfangano



Nitasema juu ya ardhi, kwa kuwa taifa halisimami hewani.

Nyanza hii ilihesabiwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902, Waingereza walipoihamishia Himaya ya Afrika Mashariki. Waliohamishwa hawakuulizwa. Sheria ya mwaka 1915 ikaifanya ardhi yetu kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikatamka ya kwamba Mwafrika ni mpangaji tu, akaaye kwa ridhaa ya Mfalme. Mwenye shamba akageuzwa mgeni katika shamba la babu yake.

Desemba ya mwaka ule ule watu walikutana Lundha, huko Gem, wakadai hati za mashamba yao. Mwaka 1923 chama chao kikawa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Vyama kama hiki chetu ni wajukuu wa juhudi zile.

Tutazame na Australia. Waingereza walifanya makao huko mwaka 1788, wakaihesabu nchi kuwa haina mwenyewe. Taifa lilipoundwa mwaka 1901, katiba yake ilikataza wenyeji wa asili kutiwa katika hesabu ya watu, mpaka kura ya mwaka 1967. Mwaka 1982 Eddie Mabo, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Mer, alishitaki pamoja na wenzake. Walieleza mahakamani bustani hii ni ya nani, mpaka wake ni upi, na ilirithiwa kwa nani. Mabo alifariki Januari 1992. Juni Mahakama Kuu ikakubali ya kwamba haki ya watu wa Mer haikufutwa na bendera ya mgeni.

Sisi tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na Katiba ya mwaka 2010 yasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya. Lakini Katiba haijui mpaka wa ukoo huu na ule. Hayo wayajua wazee, tena kwa Kisuba, lugha ambayo watoto wetu wengi wameiacha wakashika Kijaluo. Mzee akizikwa na majina ya mipaka, tumempoteza shahidi.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi naomba kila ukoo uwakalishe wazee wake pamoja na kijana ajuaye kuandika, na daftari hizo ziletwe mkutano ujao.