Hataza: Tafuta Kwanza, Vumbua Baadaye

Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano haya haya ya jikoni! Baraza la utafiti wa sayansi la India likafukua maandiko ya kale, yakiwemo ya Kisanskriti, likathibitisha kwamba tiba hiyo ilijulikana tangu zamani. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Funzo ni hili: kilichokwisha kujulikana si uvumbuzi. Kwa hiyo, kabla hujamaliza miaka maabarani, tafuta. Fungua hifadhidata za hataza mtandaoni, Espacenet au PATENTSCOPE. Zote ni bure. Usitegemee jina moja: andika manjano kwa Kiingereza, kisha jina la kisayansi, Curcuma longa. Ongeza alama ya kundi: A61K 36 ni dawa za mimea, C12N ni vijidudu na uhandisi wa jeni.

Ukipata hati, soma madai, ambayo mara nyingi huwa mwishoni. Humo ndimo mipaka ya haki ilimo. Kisha tazama nchi na tarehe ya maombi. Kwa kawaida hataza hudumu miaka 20, na hailindi nje ya mipaka ya nchi ilikotolewa. Iliyokwisha muda ni ya wote.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.